Mtandao wa Muheza ukikatika, kwa nini amana za Tanga zinagoma?

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Natunza mifumo ya SACCOS moja hapa Tanga mjini. Kanzidata yetu ni PostgreSQL: seva kuu ipo ofisini Ngamiani, seva ya nakala ipo tawi la Muheza. Niliwasha unakili wa kusubiriana, yaani seva kuu hungoja nakala iandike kwanza, ili tusipoteze hata shilingi. Juzi mtandao wa Muheza ulikatika na amana zote zikagoma kuingia Tanga. Karani akafunga dirisha, akaingiza upya amana ya mwanachama mmoja. Mtandao uliporudi, amana ile ikaonekana mara mbili. Je, ni hitilafu ya programu?

JIBU: Marahaba. Si hitilafu, PostgreSQL imetii. Ulipoitaja Muheza kwenye synchronous_standby_names, mpangilio wenye majina ya nakala za kungojwa, uliiagiza seva kuu isimjibu karani mpaka Muheza nayo iwe imeandika. Itangoja hata hadi kesho. Waliozoea MySQL, kanzidata nyingine, hushangaa hapa, kwa sababu unakili wake wa nusu kusubiriana, usipobadilisha mpangilio, hungoja sekunde 10 kisha huendelea bila nakala.

Mimi linanisumbua zaidi lile la amana mara mbili. Muamala unaoingoja Muheza umeshaandikwa kwenye diski ya Tanga, ila bado haujaonyeshwa kwa wengine. Karani akiukatiza, au hata wewe ukizima seva na kuiwasha, haufutiki. PostgreSQL hutoa onyo kwamba umeshahifadhiwa hapa ila huenda haujafika kwenye nakala, lakini programu nyingi za ofisini hulimeza onyo hilo, na karani haoni kitu. Kwa hiyo kila amana ipewe namba yake ya stakabadhi kabla ya kutumwa, anayerudia atume namba ileile, na safuwima ya namba hiyo iwekewe sharti la UNIQUE, yaani isikubali namba kujirudia. Anza na hili, hata kama mengine yatasubiri bajeti.

Kwa jinsi mlivyo sasa, seva mbili zinawasimamisha kirahisi kuliko moja, maana ikianguka yoyote kazi inalala. Ongeza nakala nyingine, tuseme jengo jingine hapohapo Tanga, kisha andika ANY 1 (muheza, tanga2). Tangu toleo la 10 la mwaka 2017, jibu la yeyote kati yao linatosha. Fedha zikikosekana, ningekushauri uzime kusubiriana, ukubali kwamba seva kuu ikiungua utapoteza miamala ya mwisho ambayo haijafika Muheza. Uongozi uambiwe hilo mapema, tena kwa maandishi.

Siku ya dharura, usizime seva. Ondoa majina yote kwenye synchronous_standby_names ibaki tupu, endesha pg_reload_conf() ili mipangilio isomwe upya, na wote waliokwama watafunguliwa.

Ukitumia sloti za unakili, yaani alama za seva kuu za kukumbuka nakala imefika wapi, zikague leo. Muheza ikipotea siku nyingi, Tanga itaendelea kuitunzia faili za WAL, yaani kumbukumbu za kila badiliko, mpaka diski ijae. Toleo la 13 lilileta max_slot_wal_keep_size, mpangilio wa kuwekea faili hizo kikomo, lakini bila wewe kuiwekea kiwango haina kikomo. Iwekee. Kiwango hicho kikipitwa, utalazimika kuijenga nakala ya Muheza upya, kazi ya usiku mmoja pengine, wakati Tanga inaendelea kupokea wanachama.

Na bekapu ziendelee kama kawaida. Jedwali likifutwa Tanga kwa bahati mbaya, Muheza nayo italifuta papo hapo.