Globu yako ni nzima, ulichopima ni baridi

Ndugu yangu, umesema globu ya wati 60 umeipima kwa mita ukapata omu 68 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia umeme), ilhali hesabu ya volti 240 inakupa omu 960, ukashuku mita. Mita haina kosa. Hizo 68 ni za waya uliopoa. 960 ni za waya uliowaka, joto lake limepita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Metali ikipata joto, atomi zake hutetemeka zaidi na elektroni hupita kwa taabu. Ndiyo maana globu nyingi huungua pale pale unapobonyeza swichi: mwanzo huvuta zaidi ya ampea 3, kisha hutulia kwenye robo ampea.

Mimi nafunga upya koili (waya wa shaba uliozungushwa ndani) za mota hapa Changamwe, Mombasa, na jambo hili limewahi kunitia hasara. Kaskazi moja niliteremsha mota ya pampu iliyoshinda ikifanya kazi tangu alfajiri. Daftari langu lilisema koili ni omu 8. Mita ikasoma 9.8. Nikaamini kuna waya uliokatika ndani, nikakata shaba yote. Haikuwa na kasoro yoyote, ilikuwa moto tu! Shaba huongeza ukinzani karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja.

Siku hizi tofauti hiyo ndiyo kipimajoto changu. Gawanya 9.8 kwa 8, zidisha kwa 264.5 (234.5 ni namba maalumu ya shaba, na 30 ni joto la karakana nilipopima zile omu 8 mara ya kwanza), kisha toa 234.5. Inakuja karibu 90. Hilo ni joto la koili yenyewe, na mkono juu ya bodi ya mota haukuambii. Umeme uzime kwanza, kisha upime upesi. Na kila kipimo daftarini kiandikie joto lake.

Si kila kitu hufuata shaba, lakini. Kihisi joto cha eyakondishena, kile kichwa cheusi mfano wa punje ya mtama, ni oksidi za metali: joto hufungulia elektroni zaidi, ukinzani hushuka. Cha omu 10,000 kwa nyuzi 25 nikikitia kwenye glasi ya barafu hupita 30,000. Nikikifumbata kiganjani, namba inateremka huku naitazama, hadi karibu 7,000.

Ukitaka kuiona hiyo 960, washa globu, zungusha waya wake mmoja mara 10 kwenye taya za mita ya kubana (ile inayopima ampea kwa kuuzingira waya), na usomacho ugawanye kwa 10. Kisha 240 igawanye kwa ampea hizo.