Shangazi, mchumba wangu anataka nifunge kadi ya enzi za ex

Shikamoo shangazi. Mimi ni wa Nakuru ila niko Minnesota tangu 2012, nafanya kazi nyumba ya wazee. Kadi yangu ya kwanza ya krediti niliifungua 2013 kwa kuweka dhamana ya dola 300, saa hizi limiti imefika 7,000 na sidaiwi hata senti. Nina zingine mbili ndogo, limiti zake jumla 3,000, huko nadaiwa 1,200. Sasa ile ya zamani 2016 nilimwongeza mume wangu wa wakati huo akapewa kadi yenye jina lake, tukaachana na sikuwahi kumtoa. Mchumba wangu ameliona hilo jina kwenye stetimenti, nyumba haikaliki. Anasema nifunge, eti hata skoo yangu ya krediti itapanda. Rafiki yangu wa kanisani anasema nikifunga tu historia yangu yote inafutika siku hiyo hiyo. Na tunataka kununua nyumba mwaka huu. Nifanyeje?
Niko Njia Panda, Minneapolis

Marahaba mwanangu, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, manake mara ya kwanza nilidhani unaniuliza mambo ya benki kumbe kuna mwanaume amesahauliwa ndani ya nyumba. Mchumba wako hana ugomvi na kadi, ana ugomvi na lile jina, na jina linatoka bila kadi kufungwa.

Kwa hiyo kwanza kabisa, chukua ile kadi uigeuze, piga namba iliyo mgongoni, waambie wewe ndiye mwenye akaunti na unataka kumtoa mtu uliyemwongeza, halafu wakupe namba mpya ya kadi ili ile aliyonayo yeye isifanye kazi tena popote. Kawaida hawahitaji sahihi yake wala wewe huhitaji kumtafuta umwage machozi upya. Akaunti inabaki ile ile ya 2013. Na hili ulifanye upesi hata kama mchumba asingenuna, kwa sababu miaka yote hii jamaa angeingia dukani akabeba tv ya inchi 65 deni lingekuwa lako wewe, mtu wa kuongezwa anatumia tu, anayedaiwa ni mwenye akaunti. Umekuwa ukilala mlango wazi mwanangu, shukuru Mungu kwamba ex wako ni mvivu au ni mstaarabu, mojawapo.

Sasa tuje kwa skoo. Hapa wote wawili wamekudanganya, ila kila mtu na uongo wake.

Mchumba anasema kadi chache skoo juu. Hapana. Skoo ya FICO, yaani alama wanazotumia wakopeshaji wengi kupima kama utalipa, inatoka 300 mpaka 850, na kitu kinachobeba uzito kuliko vyote ni kama unalipa kwa wakati, hiyo ni 35%. Kinachofuata, 30%, ni unadaiwa kiasi gani, na kwenye kadi wanaangalia sana deni lako ni asilimia ngapi ya limiti zako zote. Chukua hesabu zako mwenyewe: unadaiwa 1,200, limiti zote ukijumlisha ni 10,000, hiyo ni 12%, nzuri tu. Funga ile ya 7,000 unabaki na limiti ya 3,000, deni ni lile lile 1,200 hujaongeza hata mkate, lakini kwenye karatasi sasa uko 40%. Maji yale yale umeyatoa kwenye pipa ukayatia kwenye sufuria. Mtu wa mkopo akichungulia anaona mtu anayekaribia kumwagika.

Mimi yalishanikuta. Nilikuwa na kadi ya duka moja la nguo, siku hiyo mhudumu kanijibu vibaya mbele ya watu, nikatoka pale nikapiga simu nikiwa bado kwenye parking nikafunga kadi kwa hasira, tena nilijisikia raha kweli. Kumbe mwezi ule nilikuwa nimenunua kochi kwa kadi nyingine. Skoo ikateremka pointi thelathini na kitu, nikabaki naitazama apu kama nimefiwa. Ila nilipomaliza kulipa kochi ilirudi, na hiyo ndiyo habari njema ya hii sehemu ya skoo, skoo nyingi wanazotumia wakopeshaji zinaangalia deni lilivyo sasa, haziweki kinyongo cha mwezi juzi. Kwa hiyo hata wewe, kazana na hiyo 1,200. Ukiimaliza, kufunga au kutofunga hakutakutikisa sana upande huo.

Rafiki yako wa kanisani naye namwelewa, wengi wanaogopa hivyo. Ukweli ni kwamba akaunti iliyofungwa ikiwa safi inakaa kwenye ripoti yako ya krediti, lile faili la mikopo yako yote, mpaka miaka 10, na FICO inaendelea kuhesabu umri wake muda wote huo. Hakuna kinachofutika siku hiyo hiyo. Ni huko mbele itakapotoka kwenye ripoti ndipo utaanza kuonekana mtoto mdogo. Kuna skoo nyingine, VantageScore, ambayo inaweza isihesabu baadhi ya akaunti zilizofungwa, ndiyo maana apu moja inaweza kukuonyesha umeshuka na nyingine haina habari. Usihangaike nayo.

Nadhani pia sisi tuliokulia Kenya tuna woga wa CRB, wale watunza kumbukumbu za wadaiwa, kule tumezoea kusikia jina limeorodheshwa kwa sababu hujalipa mkopo wa simu, kwa hiyo tukisikia krediti tunawaza adhabu, na kadi ambayo haina deni tunaiona kama mtego uliobaki wazi. Huko uliko kadi tulivu ya tangu 2013 ni shahidi wako, anasimama kila siku kusema huyu binti analipa.

Sisemi kadi isifungwe kamwe. Ingekuwa akaunti ya pamoja, ninyi wawili mnadaiwa sawa, ningekwambia lipa funga usiangalie skoo. Ingekuwa inakukata ada kubwa ya mwaka, ningekwambia ongea nao kwanza wakuhamishie kwenye kadi yao isiyo na ada, mara nyingi wanakubali na historia haipotei, wakigoma basi funga. Na kama kadi yenyewe inakuita usiku ununue viatu, funga mama, hakuna skoo inayozidi usingizi. Lakini wewe hukusema hata moja ya hayo.

Nyumba ndiyo inanifanya niseme kwa nguvu zaidi. Mpaka msaini na mshike ufunguo, usifunge kadi, usifungue kadi, usikope gari, manake mkopeshaji anaweza kuvuta ripoti yako tena siku chache kabla ya kusaini. Na hiyo kadi usiiache ilale moja kwa moja, kampuni zinaweza kuifunga zenyewe kwa kutotumika, ipe bili moja ndogo kama ya Netflix na uweke ijilipe yenyewe kila mwezi.

Kuhusu mchumba, usimpelekee somo la FICO, atadhani unamtetea ex. Piga hiyo simu akiwa amekaa hapo, weka spika asikie jina likitolewa. Halafu kwa upole mwambie sasa tuone na zako baba. Ndoa haiunganishi mafaili ya krediti, kila mtu ataingia na lake, na annualcreditreport.com inatoa ripoti za kampuni tatu zinazotunza mafaili hayo, Equifax, Experian na TransUnion, bure kila wiki, kwa hiyo hana kisingizio. Ukiona anaanza kutafuta funguo za gari, niandikie tena.