Jagi Lako Halijafa, Mama Nuru

SWALI: Shikamoo fundi. Ninauza chai na vitumbua Mbagala Rangi Tatu. Jagi langu la umeme limeandikwa volti 230, wati 2000. Asubuhi lita moja na nusu inachemka kwa dakika 4. Ikifika saa 1 usiku ni dakika 6, wateja wananitazama tu. Fundi wa hapa mtaani alikuja jioni, jagi likiwa linachemsha akapima volti 184 kwenye soketi na ampea 7. Akasema koili imekufa, ninunue jingine. Jirani naye anadai umeme mdogo unamaliza uniti. Nimwamini nani?
Mama Nuru, Mbagala

JIBU: Marahaba, Mama Nuru. Jagi usinunue. Huyo fundi alipima vizuri, ila hesabu hakupiga, na namba alizokuachia ndizo zinazolitetea jagi lako.

Anza na yale maandishi ya kiwandani. Wati ni volti mara ampea, kwa hiyo 2000 gawa kwa 230 unapata ampea 8.7. Ukinzani, yaani jinsi koili inavyoubania umeme, ni volti gawa kwa ampea: 230 kwa 8.7, kama omu 26.4. Sasa chukua vipimo vya jioni: 184 gawa kwa 7 ni omu 26.3. Koili ni ile ile! Ingekatika, hata ampea moja isingepita na maji yangebaki ya baridi mpaka asubuhi.

Kilichopungua ni nguvu: 184 mara 7 ni wati 1288. Hapa hata mimi niliteleza nilipokuwa najifunza kusuka mota kule Gerezani. Volti zimepungua asilimia 20 tu, mbona nguvu imepungua asilimia 36? Ni kwamba volti zikishuka, ampea nazo zinazifuata, kwa hiyo unakatwa mara mbili: 0.8 mara 0.8 ni 0.64.

Jirani yako kwa jagi amekosea. Uniti moja ni wati 1000 kwa saa nzima, na maji yako yanataka kama uniti 0.13 ili yachemke, iwe kwa dakika 4 au 6. Joto kidogo linapotea jagi likikawia, lakini halifiki bei ya kitumbua. Kwa friji na pampu ana hoja, maana mota ikipata volti pungufu huku mzigo ni ule ule huvuta ampea zaidi, inachemka, mwisho inaungua. Mimi nimesomesha watoto kwa mota za namna hiyo.

Kuna jambo hukuniambia: jioni jagi linabaki jikoni, au unalitoa barazani kwa ekstensheni? Mrudishe fundi saa hiyo hiyo, jagi likichemka, apime kwenye meinswichi. Akikuta 184 hapo pia, umeme unafika ukiwa mdogo kutoka nje. Toa taarifa ofisi ya umeme. Akikuta 230, basi volti 46 zinapotelea njiani, na 46 mara 7 ni wati 322 zinazopasha moto waya au kiungo kilicholegea. Kama ekstensheni ipo, ishike kwa nje, juu ya ganda la waya. Ukikuta ya moto, ichomoe leo leo, chai ichemkie jikoni.