Kuzuru Gereza la Kilwa Kisiwani

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusudia kuwapeleka wanafunzi wangu Kilwa Kisiwani kuiona ngome kongwe iliyokarabatiwa. Je, kweli ni kazi ya Wareno, na tuanzie wapi?
Mwalimu, Lindi

JIBU: Ndugu Mwalimu, anzieni Kilwa Masoko, ambako hutolewa kibali cha kuingia katika eneo la magofu, kisha mvuke kwa mashua, safari ni fupi, na Gereza, ndilo jina la ngome hiyo, mtaliona likiwa limesimama ukingoni mwa maji kabla hamjatia nanga.

Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 na wakaihama mwaka 1512, lakini jengo mnaloliona leo, pamoja na mlango wake wa mbao uliochongwa nakshi, kwa sehemu kubwa ni la Waomani wa karne ya 19, waliojenga juu ya mabaki yale. Waagizeni wanafunzi wazitazame kuta kwa karibu: ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nayo mafundi wa ukarabati huipendelea chokaa kuliko saruji, kwa kuwa saruji huzuia unyevu na chumvi kutoka, na jiwe likamomonyoka kwa ndani. Mawimbi nayo yalikuwa yamekwisha kuula upande wa baharini. Magofu ya Kilwa yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa mwaka 2014.

Msiishie Gerezani, maana kwa maoni yangu Msikiti Mkuu unalishinda kwa uzuri. Husuni Kubwa, magofu ya kasri la kale la sultani, iko mbali kidogo kwa miguu, hivyo chukueni maji ya kunywa na kofia.