Usimchune ng'ombe huyo

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kumchuna ng'ombe aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, kisha nyama uwape mbwa. Tafadhali, weka kisu chini! Hizo ni dalili za kimeta, ugonjwa wa bakteria unaoua mifugo na kuambukiza watu. Ukimpasua, vimelea vinapata hewa na kugeuka mbegu ngumu zinazokaa udongoni miaka na miaka, na wewe mwenyewe unaweza kuugua. Mpigie afisa mifugo wa kata sasa hivi. Mzoga uchomwe palepale ulipo au ufukiwe kwenye shimo lenye kina cha mita 2, mbali na kisima na mto. Usiuburute, maana damu inayodondoka njiani inaacha ugonjwa malishoni. Hata nyasi zilizolowa damu zichomwe. Mbwa wafunge mpaka kazi iishe.