Samoni Ameiva Lini? Tazama Ubavuni

Sisi tuliokulia kwenye changu, nguru na kibua tuna mazoea ya kumpika samaki mpaka nyama iwe nyeupe kabisa. Kwa samoni mazoea hayo yanaharibu chakula. Hata ukimpika mpaka akakauka kabisa, nyama yake haiwi nyeupe kama ya changu, na wewe unayesubiri weupe huo utampakua hana maji wala utamu. Kwa bei anayouzwa, ni hasara inayouma.

Rangi ya samoni inatokana na chakula chake. Baharini anakula uduvi na viumbe wadogo wa jamii ya kamba, ambao wana rangi iitwayo astazanthini. Ndiyo hiyo hiyo inayojitokeza kamba anapotumbukizwa kwenye maji ya moto akageuka mwekundu. Samoni wa kufugwa, wale wa Norwe na Chile, hutiliwa rangi hiyo kwenye chakula. Bila hivyo nyama yao ingekuwa ya kijivu iliyopauka. Hapa Seattle, Marekani, ninakoishi, kwenye meza moja ya barafu utamkuta sockeye, aina ya samoni mwekundu sana, pembeni yake samoni wa kufugwa wa rangi ya chungwa mwenye mistari ya mafuta, na mara nyingine king, aina nyingine ya samoni, ambaye nyama yake ni nyeupe tangu kuzaliwa. Sasa utampimaje kila mmoja kwa rangi moja?

Angalia namna rangi inavyobadilika. Nyama mbichi ina mng'ao, mwanga unapenya kidogo ndani yake. Ikiiva, mng'ao unaondoka na rangi inafifia kuliko ilivyokuwa. Mahali pa kuyaona haya ni ubavuni mwa kipande. Weka ngozi chini kwenye kikaango, moto wa wastani, kisha inama utazame: utaona mpauko unapanda kutoka chini, na mstari ulio wazi kati ya palipoiva na palipo pabichi. Kwa kipande chenye unene wa sentimita 2.5 hivi, mstari huo hufika robo tatu ya kipande kwa dakika 6 hadi 8. Hapo mgeuze kwa muda mfupi, kisha mwondoe. Moto uliobaki ndani utaendelea kumpika akiwa kwenye sahani.

Sockeye muondoe mapema zaidi. Hana mafuta mengi, anakauka haraka, na wekundu wake haupotei hata akiiva. Shangazi yangu alipokuja kutoka Tanga alisogeza sahani: "Mwanangu, mbona huyu bado mwekundu?" Nikamwambia, "Shangazi, mguse kwa uma kwanza." Nyama ikaachana yenyewe kwa mapande, laini, ina maji. Uma hausemi uongo: ukisukuma kidogo katikati na mapande yakagoma kuachana, bado, yakiachana na katikati pamebaki mng'ao kidogo tu, tayari.

Jihadhari sana na ndimu. Sisi samaki bila ndimu hatumtambui, lakini ukimkamulia mapema na kumwacha akae, ukali wake unaipausha nyama ya juu ionekane imeiva huku ndani ni mbichi. Mimi huweka chumvi na kitunguu saumu kwanza, ndimu naikamulia mezani. Na ukimpika wa kupaka, na binzari na tui zito vimemfunika, rangi isahau kabisa, tumia uma.

Ute mweupe unaotoka juu ya kipande na kuganda usikutie hofu. Ni protini, inasukumwa nje nyama inapojikunyata kwa joto. Ukiwa kidogo si neno. Ukimiminika, moto ni mkali au umechelewa kumtoa. Kumloweka kwenye maji ya chumvi kwa dakika 15 kabla ya kupika kunaupunguza.

Kama una kipimajoto cha jikoni, kichomeke pale penye unene zaidi. Mimi wa kufugwa namwondoa kwenye nyuzi 52 za Selsiasi, sockeye kwenye 49. Lakini mamlaka za Marekani zinaelekeza 63, na nikimpikia mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, nafuata 63 bila mjadala. Kwa joto hilo atakuwa mkavu zaidi, basi mwandalie mchuzi wa tui pembeni.

Ukifika kwenye ngozi utakuta tabaka la kijivu lililoshikamana na nyama. Wengi hulikwangua wakidhani samaki ameoza au hajaiva. Ni nyama ya kawaida yenye mafuta mengi, ladha yake tu ndiyo kali zaidi. Harufu ya uchachu au utelezi usiooshekeka ndiyo dalili ya kuoza, na hizo utazikuta kabla hujawasha jiko.