Maswali Yenu: Aliangukia Upande Gani?

Barua nyingi za safari hii zinahusu watu wa aina moja: mgonjwa wa kiharusi, wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo) au mwenye ganzi miguuni ambaye anaangukaanguka nyumbani. Karibu kila mwandishi ametueleza mgonjwa ameanguka mara ngapi. Wachache tu wamesema alikuwa anafanya nini na aliangukia upande gani, na hapo ndipo dawa ilipo. Anayeanguka nyuma akifungua mlango hahitaji mazoezi ya yule anayeanguka kushoto akiamka usiku.

*Shikamoo mtaalamu. Mama ana miaka 63. Miezi mitano iliyopita alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Sasa anatembea na fimbo, lakini ameanguka mara tatu, zote usiku akienda msalani, na zote upande wa kushoto. Kila siku tunamnyoosha miguu kitandani. Tuongeze nini?*

Marahaba. Kunyoosha kunasaidia misuli isikakamae, kwa hiyo endeleeni, ila msitegemee kwamba kutamzuia kuanguka. Hakuna anayeanguka akiwa amelala, na ubongo hujifunza kusimama kwa kusimama.

Kabla ya mazoezi, shughulikieni usiku wenyewe. Mpimeni presha akiwa amelala dakika 5, kisha mara tu anaposimama, halafu akifikisha dakika 1 na dakika 3 akiwa amesimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, damu inachelewa kufika kichwani anapoinuka. Hilo lipelekeni kwa daktari, maana mara nyingi dawa zinahitaji kuangaliwa upya. Wakati huohuo awe anakaa ukingoni mwa kitanda kama dakika mbili, akipandisha na kushusha nyayo mara 20, ndipo asimame. Taa iwashwe kabla miguu haijagusa sakafu. Fimbo na viatu viwe upande wake wenye nguvu. Kama mkojo humbana ghafla, chombo cha kujisaidia karibu na kitanda ni bora kuliko mbio za gizani, hata kama mwenyewe anaona haya.

Sasa zoezi. La kwanza kwa umuhimu ni kuinuka kitini. Chukueni kiti kisicho na magurudumu, mgongo wake uegemee ukuta, kimo chake kiruhusu nyonga kuwa juu kidogo ya magoti. Visigino virudi nyuma ya magoti, na mguu wa kushoto uwe nyuma kidogo kuliko wa kulia. Ainame mpaka pua ipite magoti, ainuke, kisha akae polepole kwa hesabu ya nne. Mara 8, apumzike, arudie mizunguko mitatu. Kosa tunaloliona kila mara ni mgonjwa kuvuta mguu mzima nyuma na kuinukia huo peke yake, mguu dhaifu ukabaki pambo. Mkiwa na mizani mbili za kupimia uzito zinazolingana kimo, wekeni moja chini ya kila mguu akiwa amesimama. Akiona kilo 45 upande mmoja na 20 upande wa pili ataelewa haraka kuliko kwa maneno yenu yote. Tofauti ikipungua, tafuteni kiti kifupi zaidi.

La pili, asimame kwenye pembe ya chumba, kuta mbili nyuma yake na kiti mbele. Kwa mkono wa kulia afikie kitu kilichoshikwa kushoto kwake, kama sentimita 10 kupita urefu wa mkono, abaki hapo sekunde 5, arudi. Mara 10. La tatu, asimamie mguu wa kushoto huku wa kulia ukigusa kidato cha sentimita 10 na kurudi chini. Goti la kushoto likirukia nyuma na kujifunga, punguzeni kimo cha kidato na mwambieni alilegeze kidogo. Goti linalojifunga hivyo kila siku huishia kuuma.

Msaidizi asimame kushoto kwake, nyuma kidogo, mkono ukiwa kwenye mkanda mpana uliofungwa kiunoni mwa mama. Asimshike mkono uliolegea wala kumvuta nao. Bega la namna hiyo huteguka kirahisi, na maumivu yake hukaa miezi.

Ugumu wa zoezi mtaujuaje? Akifanya mara 10 bila kuyumba hata kidogo, hilo limekuwa mapumziko. Akilazimika kushika kitu zaidi ya mara 3 katika 10, limemzidi. Katikati hapo, anapoyumba na kujiokoa mwenyewe, ndipo usawa wa mwili unapojengeka. Lengeni nusu saa kwa siku, siku 5 za wiki, hata ikigawanywa mara mbili.

Mambo mawili hamkuyasema lakini yaangalieni. Je, vidole vya mguu wa kushoto vinakwaruza sakafu akitembea? Basi anahitaji splinti ya plastiki ya kushikilia kifundo, ivaliwe ndani ya kiatu. Siku za mwanzo ivueni baada ya nusu saa mkague ngozi. Wekundu usiotoweka ndani ya dakika 20 maana yake irudi kwa aliyeitengeneza. Na je, anagonga miimo ya milango kwa kushoto, au anaacha chakula cha upande wa kushoto wa sahani? Macho yake huenda ni mazima, ila ubongo unaupuuza upande huo, na mtaalamu lazima aambiwe. Mafunzo yake ni mengine: kugeuza kichwa na kutafuta vitu kushoto, kabla ya kuhesabu hatua.

*Baba ana Parkinson. Akifika mlangoni miguu inaganda kama imegundishwa sakafuni. Tukimvuta anaanguka mbele. Akigeuka jikoni anaanguka ubavu. Tufanyeje?*

Acheni kumvuta. Mnavuta kiwiliwili huku miguu imebaki, na matokeo yake mmeyaona. Akiganda, asimame kabisa, ajinyooshe, ahamishe uzito kulia na kushoto mara mbili tatu, kisha achague mguu mmoja na kupiga hatua moja kubwa. Kusema "twende, twende" humzidishia kuganda.

Mlangoni bandikeni utepe wa rangi inayotofautiana na sakafu, mistari iliyokatiza njia, ikianza kabla ya kizingiti na kuendelea baada yake. Nafasi kati ya mstari na mstari ilingane na hatua yake nzuri, kwa wengi sentimita 40 hadi 60. Aivuke kwa hatua zake, asiikwepe. Inashangaza lakini inaeleweka: ugonjwa huu huharibu njia ya ubongo inayoendesha mwendo wenyewewenyewe, na mstari humpa njia nyingine, ya kutembea kwa kukusudia. Mdundo nao hufanya kazi hiyohiyo. Hesabuni hatua zake kwa dakika anapotembea vizuri, kisha wekeni programu ya mdundo kwenye simu kwa kasi hiyo.

Kugeuka ni hadithi nyingine. Huwa anazungusha kiwiliwili juu ya mguu mmoja uliosimama, miguu inakatana. Afundishwe kuzunguka kwa nusu duara pana, akiinua kila mguu. Jikoni penye nafasi finyu, ageuke kwa hatua fupi nne au tano huku mkono ukigusa meza. Na msimsemeshe anapogeuka! Glasi mkononi, swali kutoka sebuleni na kona kwa pamoja ni mambo matatu kwa ubongo ambao sasa unamudu moja. Akifungua mlango asimame ubavuni mwa mlango, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, la sivyo mlango humsukuma chali.

Mazoezi yapangwe dawa ikiwa imeshika, kwa wengi kama saa moja baada ya kumeza. Tai chi, mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, inafaa kama kuna mwalimu: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, wenye wagonjwa 195 wa Parkinson, uliona waliofanya tai chi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 walianguka kidogo kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha. Fremu ya kutembelea msinunue kwa kubahatisha. Ile ya kunyanyua kila hatua humkatiza mwendo na inaweza kumvutia nyuma, ile ya magurudumu isiyo na breki humkimbia.

*Nina kisukari, nyayo zina ganzi. Mchana natembea vizuri kabisa, lakini nikinawa uso bafuni nayumba hadi kushika ukuta. Ni kizunguzungu?*

Si lazima. Mwili hujua uko wima kwa kutumia vitu vitatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo. Zako za nyayo zimepungua, ukifumba macho unabaki na sikio peke yake. Nawa uso ukiwa umeketi, au ukigusa ukuta kwa vidole. Mguso mwepesi tu unatosha, kwa kuwa vidole vinampa ubongo taarifa ambayo nyayo hazileti.

Zoezi lako: kwenye pembe ya chumba, miguu pamoja, macho wazi, sekunde 30. Likiwa rahisi, weka kisigino cha mguu mmoja kando ya kidole gumba cha mwingine. Baadaye geuza kichwa taratibu kulia na kushoto. Wengine hukimbilia kusimama juu ya sponji. Kwako hilo lisubiri msimamizi, maana sponji inakunyang'anya na kile kidogo unachohisi. Viatu viwe na soli nyembamba na ngumu, vinavyoshika kisigino, si ndala. Kagua nyayo kila siku. Ukiona kidonda, acha mazoezi ya kusimama hadi kitazamwe.

*Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo). Mgonjwa wangu wa kiharusi ana alama 47 kati ya 56 kwenye kipimo cha Berg cha usawa wa mwili, lakini anaanguka. Kipimo kimekosea?*

Hakijakosea, umekiuliza swali lisilo lake. Vipengele 14 vya Berg vinapima kusimama, kuketi, kufikia na kugeuka, ila hakuna kutembea wala kusukumwa ghafla. Ile alama ya 45 inayotajwa darasani si ukuta kati ya wanaoanguka na wasioanguka. Mpime kuinuka kitini, kwenda mita 3, kugeuka, kurudi na kukaa, mara ya kwanza kimya, mara ya pili akitoa tatutatu kutoka 100. Muda ukirefuka sana, au akisimama ili ahesabu, umepata mlango wa kuingilia. Kisha mwegemeze mikononi mwako, umwachie ghafla ukiwa na mkanda na mtu wa pili, mbele, nyuma na pande zote. Anayejiokoa kwa hatua ndogo nyingi, au asiyepiga hatua kabisa kwa mguu dhaifu, afundishwe hatua hiyo yenyewe.

*Akianguka tumwinue vipi?*

Msimwinue papo hapo. Kwanza ulizeni kichwa, shingo na nyonga. Mguu uliofupika na kupinda nje, au kichwa kilichogonga kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, ni hospitali. Kama yuko salama, ageukie ubavu wenye nguvu, ajisukume kwa kiwiko, aende magoti na mikono, ashike kiti kilicho mbele yake. Wayo wa mguu mzima uwe mbele, ajisukume, na mtu wa pili asogeze kiti kingine nyuma yake.

*Fimbo inashikwa mkono gani?*

Ule ulio mkabala na mguu dhaifu. Kimo chake kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, mtu amesimama wima na viatu vyake vya kila siku, mkono ukining'inia. Akiishika, kiwiko kipinde nyuzi 20 hadi 30. Ngazi za kupanda hutangulia mguu mzima, za kushuka hutangulia fimbo na mguu dhaifu. Raba ya chini ikilainika na kupoteza mistari, ibadilishwe.